Daktari Akisimamisha Sindano: Mazungumzo Kuhusu Antibiotiki Katika Wodi za Hospitali

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti za Meru na Embu, hasa jamaa wanaouguza wagonjwa waliolazwa.



Kuna swali ambalo wauguzi hulisikia karibu kila saa ya kuwaona wagonjwa: mbona mgonjwa wetu ameondolewa sindano? Mgonjwa alilazwa juzi, akawekewa sindano ya mshipa mkononi, akawa anapata dawa asubuhi na jioni. Leo jamaa amefika na uji kwenye thamosi, ametoka mbali, pengine Mikinduri au Kiritiri, na nauli ya kwenda na kurudi si kidogo. Anakuta mkono wa mgonjwa uko huru. Kwenye meza ndogo kuna vidonge, au hata vidonge havipo. Moyo unashtuka. Wengine hufikiri dawa zimeisha hospitalini. Wengine husema daktari amekata tamaa. Wapo wanaotoka hapo hapo na kuvuka barabara hadi duka la dawa, wakanunue ile dawa kali waliyoisikia kwa jirani.

Mara nyingi maelezo ya jambo hilo ni mepesi. Daktari ameangalia upya faili la mgonjwa, akaona kwamba antibiotiki aliyoanzishiwa haihitajiki tena, au inaweza kumezwa badala ya kudungwa, au haikuhitajika tangu mwanzo. Kuisimamisha ni sehemu ya matibabu, sawa na kuianzisha. Tatizo ni kwamba kuanzisha huonekana na kusimamisha hakuonekani, na familia iliyosimama kando ya kitanda huhesabu kile inachokiona.

Antibiotiki, ambazo pia huitwa viuavijasumu, ni dawa za kuua bakteria au kuwazuia wasiongezeke. Nimonia kali, kidonda kilichooza, maambukizi ya damu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria ni magonjwa yaliyokuwa yakimaliza watu kabla ya dawa hizi kupatikana. Lakini haziui virusi. Mafua, vikohozi vingi vya watoto na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto wadogo huletwa na virusi, na hapo antibiotiki haifanyi kitu isipokuwa kumletea mtoto madhara yake: kuhara zaidi, vipele, au mzio.

Dawa inapoingia mwilini huwaua bakteria dhaifu kwanza. Wale wanaoweza kuistahimili hubaki, wakapata nafasi, wakazaana. Hivyo ndivyo usugu unavyokua. Watu husema mwili wa fulani umezoea dawa. Hapa inafaa kusahihisha, kwa sababu kosa hilo dogo la maneno ndilo linaloficha hatari yenyewe. Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaozoea ni bakteria, na bakteria hawakai kwa mwenye dawa peke yake. Hupita kwenye mikono, kwenye shuka, kwenye mpini wa mlango wa choo cha wodi, hadi kwa mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye huenda hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha antibiotiki maishani mwake. Dawa ya presha anayokunywa mtu mmoja haiwezi kumharibia jirani yake dawa yake ya presha. Antibiotiki inaweza. Ndiyo maana hospitali ina sababu ya kuhesabu na kuchunga jinsi kila idara inavyozitumia.

Madhara yake si hadithi ya mbali. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi ulikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Kenya ilitoa sera yake ya kitaifa ya kuzuia usugu wa dawa mwaka 2017, pamoja na mpango wa utekelezaji wa miaka mitano. Septemba 2024, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliahidi kupunguza vifo vinavyotokana na usugu huo kwa asilimia 10 kufikia mwaka 2030. Ahadi hizo zimeandikwa Nairobi na New York, lakini zitatimizwa au kuvunjwa wodini, saa nane za usiku, na afisa wa kliniki mmoja mwenye wagonjwa wengi na kalamu mkononi.

Inasaidia kukumbuka jinsi dawa hizi zilivyoanza. Mwaka 1941 mjini Oxford, Uingereza, askari polisi mmoja aliyekuwa akifa kwa maambukizi ya bakteria alipewa penisilini, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kupewa. Akaanza kupona. Lakini penisilini iliyokuwepo ilikuwa kidogo mno. Madaktari waliichuja tena kutoka katika mkojo wake ili waitumie upya. Ikaisha. Maambukizi yakarudi, akafa. Wakati huo dawa iliweza kazi, ila haikutosha chupani. Leo stoo inaweza kuwa na dawa nyingi, na mgonjwa akafa kwa sababu bakteria wake hawaiogopi tena. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo la usugu alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Dawa ilikuwa bado changa.

Sasa hali ikoje katika hospitali za Kenya? Uchunguzi uliofanywa mwaka 2018 katika hospitali 14 za umma nchini ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliolazwa, yaani karibu 47 kati ya kila 100, walikuwa wakipewa antibiotiki. Baadhi yao walizihitaji sana. Lakini idadi hiyo ni kubwa, na miongoni mwa dawa zilizoongoza kwa kutumiwa ni seftriaksoni, ile sindano ambayo wengi waliowahi kulazwa Meru au Embu wanaifahamu kwa jina au kwa sura. Seftriaksoni ni dawa nzuri. Inatibu magonjwa mengi, hudungwa mara moja au mbili kwa siku, na haimsumbui muuguzi kuitayarisha. Sifa hizo ndizo zilizoiponza. Imekuwa kama panga la kila kazi: la kufyekea, la kukatia kuni, la kuchimbia. Panga la namna hiyo halikawii kuwa butu.

Shirika la Afya Duniani limeziweka antibiotiki katika makundi matatu, na Kenya imeyaingiza makundi hayo katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2019. Kundi la kwanza ni la dawa za kuanza nazo, kama amoksilini na jentamaisini, ambazo zinatosha kwa magonjwa mengi ya kawaida. La pili ni la tahadhari. Seftriaksoni imo humo. La tatu ni la akiba, dawa kama kolistini, ambazo zinapaswa kuguswa pale tu nyingine zimeshindwa. Lengo lililokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2024 ni kwamba angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani zitoke katika kundi la kwanza. Kwa hiyo mgonjwa akiandikiwa amoksilini hajadharauliwa. Huenda daktari wake amefikiri zaidi kuliko yule anayemwandikia kila mtu dawa ya kundi la pili.

Idara ambayo inaweza kufanya mabadiliko makubwa kwa haraka ni ya upasuaji, pamoja na wodi ya wazazi ambako akina mama hujifungua kwa upasuaji. Mazoea ya miaka mingi yalikuwa kumpa mgonjwa antibiotiki baada ya upasuaji, siku tatu, tano, hata saba, ili kidonda kisiharibike. Inasikika kuwa jambo la busara. Lakini wakati bakteria wanapoingia kwenye kidonda ni pale ngozi inapofunguliwa, na dawa inatakiwa iwe tayari ndani ya damu dakika hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema pale kinga inapohitajika, dawa itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, si mapema kuliko saa mbili kabla, na isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika kwa nia ya kuzuia maambukizi tu. Dozi moja iliyotolewa kwa wakati wake inafanya kazi ambayo siku tano za sindano zilizochelewa haziwezi kuifanya.

Mfano wa jambo hili haukutoka Ulaya. Ulitoka Thika, mji ambao magari ya Meru na Embu huupitia yakienda Nairobi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, hospitali ya Thika iliangalia mazoea yake na kukuta kwamba karibu kila aliyefanyiwa upasuaji alipewa antibiotiki baadaye, na karibu hakuna aliyepewa kabla. Wahudumu wakaandika utaratibu wao wenyewe, wakafundishana, wakaugeuza mpangilio huo. Katika wiki chache tu, dawa ya kabla ya upasuaji ikawa ndiyo kawaida na ile ya baadaye ikapungua sana. Maambukizi ya juu juu ya vidonda yakapungua, hayakuongezeka kama wengi walivyohofia. Pesa za dawa zikaokolewa, pia saa za wauguzi. Ni hospitali ya umma ya Kenya, yenye msongamano ule ule na upungufu ule ule. Kile kilichobadilika ni saa ya kutoa dawa.

Chukua mfano wa mama wa Tigania aliyejifungua kwa upasuaji uliokwenda vizuri, maji yake hayakuwa yamepasuka kwa muda mrefu, hana homa. Alidungwa dozi yake kabla ya upasuaji. Kesho yake hana sindano. Mama mkwe wake anaweza kulalamika kwamba wakati wake walidungwa wiki nzima. Anasema kweli, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jirani wa mama huyo kitandani naye anaendelea kudungwa, na hilo huzidisha manung'uniko. Lakini jirani huyo huenda alifika na homa, maji yamepasuka tangu siku iliyotangulia, na tayari maambukizi yameanza. Yeye anatibiwa ugonjwa alio nao. Wa kwanza alikingwa ugonjwa ambao hana. Wagonjwa wawili walio vitanda jirani wanaweza kupewa dawa tofauti, na wote wawili wakawa wametendewa haki. Hivyo hivyo kwa mtu ambaye kidole tumbo kilipasuka kabla ya kufika hospitalini: huyo ataendelea na dawa, na anastahili kuendelea nazo.

Katika wodi ya watoto, ugomvi mkubwa ni kati ya sindano na dawa ya kunywa. Mzazi aliyembeba mtoto mwenye nimonia kutoka Igembe hadi hospitalini hutarajia alazwe na adungwe. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika hospitali 6 za Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha watoto waliovuta pumzi kwa shida hadi kifua kikaingia ndani: wengine walipewa sindano za penisilini, wengine amoksilini ya kunywa. Amoksilini haikuwa duni. Tangu hapo mwongozo wa Wizara ya Afya umebadilika, na watoto wengi ambao zamani wangelazwa kwa siku kadhaa sasa hutibiwa kwa vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji. Sindano za penisilini na jentamaisini zimeachiwa mtoto mwenye dalili za hatari: asiyeweza kunyonya au kunywa, aliyezirai au kulegea, mwenye degedege, au anayegeuka rangi kwa kukosa hewa. Mtoto wa namna hiyo hasubiri. Kwake antibiotiki hutolewa mara moja, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Kwa kuhara kusikokuwa na damu, mtoto anahitaji maji ya ORS na zinki. Basi. Ile dawa ya kuhara iliyobaki nyumbani tangu mwaka jana ikae mbali naye.

Kitengo cha watoto wachanga kinahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu ndiko bakteria sugu wanakofanya ukatili wao mkubwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana kinga ndogo sana. Bakteria mmoja anayeitwa Klebsiella hupenda vitengo vya aina hiyo. Utafiti wa vyanzo vya vifo vya watoto, uliohusisha pia maeneo ya Siaya na Kisumu, ulimkuta miongoni mwa waliohusika mara nyingi. Akishakuwa sugu kwa jentamaisini na seftriaksoni, daktari hubakiwa na dawa chache, za bei ghali, ambazo huenda hazipo karibu. Usugu huo haukuanzia kwa mtoto. Yeye hana hata wiki moja duniani. Ameupokea kutoka kwa watu na vitu vilivyomzunguka. Kwa hiyo sheria ya kitengo hicho kwamba wageni wasiingie ovyo, na kwamba mama aoshe mikono kila mara kabla ya kumgusa mwanawe, isichukuliwe kuwa ukali wa wauguzi. Kuosha mikono ni njia ya kupunguza matumizi ya antibiotiki pia: ugonjwa usioambukizwa hauhitaji dawa.

Katika wodi za watu wazima jambo kuu ni kuangalia upya. Mgonjwa akifika na hali mbaya, daktari huanza kwa kukisia, kwa sababu hawezi kungoja. Dawa huanza usiku ule. Lakini kukisia huko kunatakiwa kupitiwa tena baada ya saa 48 hadi 72. Je, mgonjwa amepata nafuu? Maabara imesema nini? Inawezekana kubadili dawa pana kuwa dawa ndogo inayomlenga bakteria mwenyewe? Kama anakula na kumeza vizuri na homa imeshuka, kwa nini abaki na sindano ya mshipa? Sindano hiyo yenyewe ni mlango. Ikikaa siku nyingi mkono huvimba, na bakteria wanaweza kupita hapo kuingia kwenye damu. Metronidazoli ya kumeza, kwa mfano, hufyonzwa vizuri tumboni kiasi kwamba mgonjwa anayemeza hapotezi kitu akitolewa ile ya dripu. Mipira ya mkojo nayo iondolewe mara tu haihitajiki.

Maabara ndiyo jicho la kazi hii yote. Ili kujua bakteria ni yupi na anauawa na dawa ipi, sampuli ya damu, mkojo au usaha huoteshwa, na majibu huchukua siku mbili, tatu au zaidi. Hakuna namna ya kumharakisha bakteria aote. Na hapa wakazi wana mkono wao kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mgonjwa akifika hospitalini baada ya kumeza nusu dozi ya antibiotiki ya dukani, sampuli yake mara nyingi haioteshi kitu. Bakteria wamepigwa vya kutosha kujificha kwenye maabara, lakini hawajapigwa vya kutosha kumponya mgonjwa. Daktari anarudi kukisia. Anaogopa, na anayeogopa huandika dawa pana zaidi. Kwa hiyo vidonge vinne vilivyonunuliwa kwa shilingi chache Maua au Runyenjes vinaweza kuwa ndiyo sababu ya mgonjwa kudungwa dawa za bei ya juu wiki mbili baadaye.

Ikiwa vimekwisha kumezwa, visifichwe. Njoo na pakiti, hata tupu. Hakuna afisa wa kliniki mwenye busara atakayemfukuza mgonjwa kwa kusema ukweli, na ikiwa yupo atakayemkemea, ni afadhali kukemewa kuliko kutibiwa gizani. Taja pia mzio wowote wa dawa, na ueleze ulikuwaje: vipele, uso kuvimba, au kushindwa kupumua. Kichefuchefu pekee kwa kawaida si mzio, na mtu akiandikwa kimakosa kwamba penisilini inamdhuru, atakuwa akipewa dawa za makundi ya juu maisha yake yote bila sababu.

Famasi ya hospitali huonekana kama dirisha la kugawa vidonge tu. Kazi yake ni zaidi ya hapo. Mfamasia anayeuliza kwa nini mgonjwa fulani yuko siku ya saba ya seftriaksoni, au kwa nini dawa ya akiba imeandikwa bila majibu ya maabara, anailinda kaunti nzima. Kila hospitali inapaswa kuwa na kamati ya dawa na tiba ambayo inakaa pamoja, madaktari, wauguzi, wafamasia na watu wa maabara, na kupitia jinsi dawa zinavyotumiwa idara kwa idara. Kazi hiyo haina mbwembwe. Hakuna utepe wa kukatwa wala jengo jipya la kuonyesha. Lakini kamati inayokutana mara kwa mara na kusoma takwimu zake yenyewe inaweza kuokoa watu wengi kuliko mashine fulani zinazopokelewa kwa hotuba na hema.

Wapo wahudumu watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba si rahisi kuwa na kiasi pale ambapo maabara haina vifaa wiki hii, dawa ya kundi la kwanza haijaletwa, na muuguzi mmoja ana vitanda vingi kuliko mikono yake. Ni kweli. Wodi yenye penisilini na jentamaisini za kutosha, sabuni kwenye kila bomba na maji yasiyokatika haitakimbilia seftriaksoni kwa kila mtu. Wakazi wanapohudhuria vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, huuliza barabara, maji na basari. Waulize pia kuhusu maabara ya hospitali yao. Je, inaweza kuotesha bakteria? Ikiwa haiwezi, sampuli hupelekwa wapi, na majibu hurudi baada ya siku ngapi?

Sasa turudi kando ya kitanda. Jamaa ana haki ya kujua, na kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Anaweza kumwuliza daktari au muuguzi kwa upole: mgonjwa wetu anatibiwa ugonjwa gani kwa antibiotiki hii? Itaendelea siku ngapi? Itaangaliwa upya lini? Maswali hayo matatu yana faida ambayo swali la kudai dawa kali halina. Yanamfanya mwenye kuandika afikirie tarehe ya mwisho wakati ule ule anapoandika ya mwanzo. Methali inasema dawa ya moto ni moto, na wengi wameichukulia hivyo hata kwenye maradhi. Lakini ukali wa dawa ya bakteria haupimwi kwa maumivu ya sindano wala kwa bei. Dawa iliyo kali kwa bakteria fulani ni ile inayomuua huyo, hata ikiwa ni kidonge cha bei nafuu.

Kusiwe na kuelewa vibaya. Hakuna hapa ruhusa ya mgonjwa kujiachia dawa mwenyewe nyumbani. Anayesimamisha ni daktari baada ya kumpima. Mwenye kifua kikuu anakunywa dawa zake kwa miezi yote aliyopangiwa, kwa kawaida miezi sita au zaidi, hata akijisikia mzima mwezi wa pili. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi haachi. Na aliyeandikiwa amoksilini ya siku tano anakunywa ya siku tano, hamgawii nusu mtoto wa dada yake anayekohoa.

Kwa mujibu wa sheria za dawa nchini, antibiotiki huuzwa kwa cheti cha daktari. Kila mtu anajua jinsi sheria hiyo inavyopindwa madukani, na wenye maduka hujitetea kwamba mteja asipouziwa hapa atauziwa pale. Mteja asiyeomba hauziwi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Imenti na Manyatta nao wana sehemu yao: ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki ana siku ambazo maziwa yake hayafai kuuzwa wala kunywewa, na siku hizo huandikwa kwenye chupa ya dawa au husemwa na daktari wa mifugo. Kumwaga maziwa kunauma. Kuyapeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa yakiwa na dawa ndani kunawapa watu wengi dozi ndogo ndogo ambazo hawakuandikiwa na yeyote.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa aondoke akiwa na maelezo yaliyoandikwa: jina la dawa, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na tarehe ya kurudi. Asiyejua kusoma asomewe, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake anaweza kumkumbusha. Kidonda cha upasuaji kiangaliwe kila siku. Kikiwa chekundu na cha moto, kikivimba, kikitoa usaha au harufu, au mgonjwa akipata homa, arudi hospitalini siku hiyo hiyo bila kupitia dukani, ili sampuli ichukuliwe kabla ya dawa yoyote kuingia mwilini. Mama aliyejifungua akitetemeka kwa baridi, akiumwa tumbo la chini au akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, asingoje asubuhi. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, mwenye joto kali au baridi isiyo ya kawaida, aletwe usiku ule ule, amefunikwa na kushikwa karibu na kifua cha mama njia nzima.